Friza ya Mahari

Ilinyamaza.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, mkanilaumu. Mwanamvita yuko juu ya msala chumbani mwake, saa nne ya asubuhi, na ile friza ya ukumbini ikakoroma mara moja kama mtu anayekata roho, kisha kimya.

Stima haikuwa imepotea. Redio ya jirani ilikuwa bado inaimba.

Mtu alikuwa amechomoa waya.

Mwanamvita alimaliza sala yake haraka kuliko inavyofaa, akaenda hadi kwenye pazia la mlango. Hapo akasimama. Tangu mumewe Miraj azikwe, pazia hilo ndilo lililokuwa mwisho wa dunia yake. Mjane aliye edani hatoki, wala haonekani na wanaume wa nje, na ukumbini palikuwa na viatu vya kiume. Alivisikia.

"Nani hapo?"

"Nani mwingine?" Ilikuwa sauti ya Khairat, dada yake marehemu Miraj. Kama kuna siku Khairat na wifi yake walipendana, mtaa mzima wa Birikani hauikumbuki. "Tunauza vitu vya marehemu. Vinakaa tu vinaliwa na vumbi. Wewe endelea na dua zako."

"Friza si ya marehemu."

"Ya nani? Ya serikali?"

"Yangu. Ni mahari yangu, nawe wajua."

Nje watu wakacheka. Watu wangapi? Mwanamvita alikwenda dirishani akafunua pembe ya leso iliyotundikwa hapo. Uwanja ulikuwa umejaa. Makochi yake yalikuwa juani. Kabati la vyombo, feni, meza, redio, hata kinu na mchi wake, vyote vimepangwa kama gulioni. Wake wa wafanyakazi wa reli walikuwa wakigonga sufuria kwa vidole. Watu wa shamba la katani walikuwa wamekalia makochi, wakiruka ruka kupima springi.

Na katikati ya uwanja, Dishon wa mkokoteni alikuwa akipanga kamba.

Mgeni wa hadithi hii na ajue jambo moja. Miraj alikuwa fundi wa friji. Alipomposa Mwanamvita, miaka kumi na minne iliyopita, hakuwa na dhahabu. Alikuwa na friza moja kubwa aliyoifufua kwa mikono yake. Hiyo ndiyo aliyoitaja kuwa mahari, na msikitini watu walicheka hadi imamu akawakemea. Mwanamvita hakucheka. Aliichukua friza, akaijaza barafu za ukwaju na ubuyu, na kwa joto la Voi ikamlisha yeye na mumewe hata miaka ile Miraj alipokuwa mgonjwa. Ndiyo maana huitwa Mama Barafu.

Mahari ni mali ya mke. Haiingii katika mirathi. Hilo hata Khairat halibishi.

Anachobisha ni kwamba friza ilikuwa mahari.

Na cheti cha ndoa kiko wapi? Kilikuwa ndani ya sanduku la bati la samawati. Siku ya tatu ya matanga, Khairat alilibeba. "Nikuhifadhie, wifi. Nyumba ya msiba huingia kila mtu." Mwezi uliofuata akaja amekunja uso akasema wezi walivunja kwake, wakachukua sanduku. Hakuna aliyemwamini. Lakini mjane aliye edani atatoka vipi kulitafuta?

Zilikuwa zimembakia siku tatu. Kwenye mlango wa chumba Khairat alikuwa ametundika kalenda ya duka la mbao, na kila asubuhi alikuja na kalamu nyekundu kufuta siku moja. "Usije ukajisahau," alisema. Miezi minne na siku kumi. Baada ya siku tatu Mwanamvita angevaa buibui na kwenda mwenyewe kwa Kadhi.

Ndiyo maana mnada ulikuwa leo.

"Khairat, rudisha waya," Mwanamvita alisema. "Barafu zitayeyuka."

"Toka basi uurudishe." Sauti ya wifi yake ilisogea mpaka kwenye pazia, ikawa ya kunong'ona. "Toka. Hilo ni kitambaa, si ukuta. Toka, watu wote hawa wakuone ukipigania friji na mumeo hajapoa kaburini. Nitaitangaza kutoka hapa hadi Taveta."

Mwanamvita alirudi mlangoni akashika pazia. Akaliachia.

"Muite Munir," alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Munir alikuwa shahidi wa ndoa yangu. Aseme mahari yangu ilikuwa nini."

Munir ni mdogo wao Khairat na Miraj. Mtu mzima ana ndevu, lakini mbele ya dada yake huwa kama nguo iliyoanikwa. Anapeperukia upande upepo unakoelekea.

"Munir!" Khairat aliita. "Wifi yangu akuuliza. Mahari ilikuwa nini?"

Munir alikohoa.

"Sema, shemeji," Mwanamvita alisema. "Ulikuwa umekaa kulia kwa Miraj. Ulivaa kanzu ya kuazima."

"Miaka mingi, shemeji," Munir alijibu. "Nakumbuka msahafu. Friza... sikumbuki vizuri."

"Mmesikia!" Khairat alipiga makofi. "Shahidi wake mwenyewe! Miaka kumi na minne katika nyumba ya baba yetu, hajazaa ila barafu, leo ataka kutuzalia na friza!"

Uwanja uliangua kicheko. Mwanamvita aliuma leso.

Friza ikaburutwa. Alisikia miguu yake ikikwaruza sakafu ya ukumbi, kisha kizingiti, kisha mchanga. Dishon alikuwa akihema na kulalamika kwamba kitu hiki ni kizito kama dhambi.

"Nani ameinunua?" mtu aliuliza.

"Mimi hapa."

Mwanamvita aliijua sauti hiyo kabla hajafika dirishani. Koki! Koki mwenye kibanda cha soda na maji baridi kule Miasenyi, kando ya barabara kuu. Kwa miaka sita Koki amekuwa akichukua madonge ya barafu kwake kila asubuhi. Siku ya mazishi alilia hadi akavuliwa kilemba.

"Koki," Mwanamvita aliita kupitia leso ya dirisha. "Hata wewe?"

Koki hakuona haya. "Mama Barafu, pole. Mimi nimenunua maziwa kwako miaka sita. Leo naambiwa ng'ombe anauzwa. Sasa niendelee kununua maziwa kwa nini?"

"Ng'ombe si wake anayeuza."

"Hayo ni ya kwenu. Mimi nimeambiwa na mwenye nyumba." Alifungua mfuniko wa friza akaingiza kichwa. "Na hizi barafu zilizo ndani zinaenda pamoja, sindiyo?"

"Zote," Khairat alisema. "Mpaka ya mwisho."

Dishon alirusha kamba ya kwanza.

Mwanamvita aliona riziki yake ikifungwa kama mbuzi. Siku tatu zikiisha atatoka na nini? Na mikono mitupu na jina la Mama Barafu. Hasira ilimpanda hadi machoni, na hasira, msomaji, ina akili lakini haina subira.

"Koki!" alipaza sauti. "Waijua kazi kubwa iliyofanywa na friza hiyo?"

"Gani?"

"Miraj alifariki baada ya magharibi. Alizikwa adhuhuri ya kesho yake. Joto la Voi unalijua. Unadhani alilalaje usiku kucha pale ukumbini?"

Koki alitoa kichwa ndani ya friza taratibu.

"Barafu," Mwanamvita alisema. "Madonge kumi na mawili. Tulimzungushia kuanzia kichwani mpaka nyayoni. Yaliyeyuka, tukaongeza. Beseni lilijazwa humo, likaenda kwa maiti, likarudi humo, mara nne. Haya, ibebe. Kawauzie abiria maji baridi."

Mfuniko ulianguka puu!

Koki alirudi nyuma hatua tatu, akijipangusa mikono kwenye sketi. Waliokuwa wameshika sufuria wakaziweka chini. Jamaa wa katani wakainuka kwenye makochi kama waliochomwa. Watu wengi pale walitoka magharibi mwa nchi, na kwao kitu kilichomhudumia maiti hakirudi jikoni hivi hivi.

"Mimi sitaki!" Koki alisema. "Dada Khairat, hukuniambia!"

"Upuzi! Barafu ni maji!"

"Basi yanywe wewe!"

Dishon naye alifungua kamba yake, bila kuambiwa, akaenda kunawa kwenye mtungi.

Mwanamvita alipumua. Ameshinda!

Ndipo aliposikia kicheko. Khairat alikuwa akicheka peke yake, amejishika mbavu.

"Ahsante, wifi!" alisema. "Wallahi ahsante. Mimi ningekuibia friza tu. Wewe umejiibia kazi. Baki nayo! Ijaze ukwaju, ijaze ubuyu. Nani tena Voi hii atanyonya barafu yako?"

Mwanamvita alitazama nyuso za uwanjani. Mama mmoja alikuwa akimsugua mtoto wake midomo kwa upindo wa leso, kana kwamba barafu ya mwaka jana ilikuwa bado mdomoni.

Ilikuwa kweli. Alijiharibia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Ngojeni kwanza!"

Aliyepasua umati alikuwa Auma, mke wa mfanyakazi wa reli, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwanamke mrefu, sauti yake ni ile ya kuita mtu aliye ng'ambo ya reli na treni ikipita.

"Hiyo beseni ya barafu nilikuwa nimeshika mimi," Auma alisema. "Sasa wacha niwakumbushe. Huyu Munir aliweka mkono kwa mfuniko afungue. Wewe Khairat ukampiga mkono, paa! Ukasema, 'Usiguse bila ruhusa ya mwenyewe. Hii ni mahari ya Mwanamvita. Hatumlazi ndugu yetu kwa kitu cha dhuluma.'"

"Mwongo wewe!"

"Mimi sikuelewa hiyo maneno. Nilienda nyumbani nikauliza mzee wangu, 'Kumbe Waislamu wanalipia bibi na friji?' Tukacheka kwa matanga ya watu, Mungu atusamehe. Ndiyo maana nakumbuka."

"Wewe wajua nini mambo ya mahari? Mla omena wewe!"

"Omena nakula, lakini sili mali ya mjane." Auma aligeuka. "Munir! Wewe ndiwe ulipigwa mkono. Ulipigwa ama hukupigwa?"

Watu wote wakamtazama Munir. Munir akatazama viatu vyake.

"Munir," Mwanamvita alisema kutoka dirishani, polepole sasa. "Kwa Kadhi utaapa kwa msahafu. Anza mazoezi hapa."

Munir aliinua macho.

"Nilipigwa," alisema.

"Munir!" Khairat aling'aka.

"Ulinipiga, dada! Usiku ule ule wa mwandamo wa Rajabu, Miraj hajapoa. Ulisema ni mahari yake, nami nilijua ni mahari yake, nilikuwepo! Nimechoka."

Uwanja ulipasuka kwa makelele. Lakini Mwanamvita hakuyasikia. Alikuwa amesikia neno moja tu.

Rajabu.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Rajabu. Shaabani. Ramadhani, aliyoifunga mwezi mzima nyuma ya pazia hili. Mfungo Mosi. Kisha akakumbuka mwezi alioutazama jana usiku kupitia dirisha hili hili, mnene, umekaribia kujaa. Akahesabu tena. Akaitazama kalenda ya duka la mbao, na mistari yake myekundu.

"Haya!" Khairat alikuwa akipiga kelele. "Ni yake! Iwe yake! Lakini ikiwa haiuzwi, haitakuwa ya mtu!"

Alinyakua mchi wa kinu. Akazunguka nyuma ya friza, penye mabomba ya gesi. Mtu yeyote aliyekuwa mke wa fundi angejua: pigo moja hapo na friza imebaki kuwa sanduku la kuwekea mahindi.

Akauinua mchi juu. Lakini hakupiga.

Alikuwa akitazama mlango.

Anangojea nitoke, Mwanamvita aliwaza. Mchi si wa friza, ni wa pazia.

Na je, friza yenyewe ilikuwa na thamani gani sasa? Friza yenye jina la maiti. Lakini ni ile ambayo Miraj aliipaka rangi mara mbili kabla ya kuitaja mbele ya watu waliomcheka. Ni yake. Kitu chako kikiharibika jina hakiwi cha jirani.

Alijitanda leso. Akafunua pazia, akapita ukumbi mtupu, akavuka kizingiti.

Jua lilimpiga usoni kama kofi. Umati ulitoa sauti moja, "Haaa!" Wanaume wakageuza nyuso. Hakukuwa na udi, hakukuwa na nguo mpya wala mashoga wa kumtoa eda kwa heshima. Alikuwa na nguo nyeupe zilizofifia na miguu mitupu. Alitembea moja kwa moja hadi kwa wifi yake, akaushika mchi upande wa pili.

Khairat hata hakushindana naye. Alitabasamu kwa meno yote.

"Mmeona nyote?" alilia kwa furaha. "Mmeona? Bado siku tatu! Siku tatu tu zimemshinda! Amevunja eda ya ndugu yangu kwa ajili ya friji!"

"Kwa kalenda gani?" Mwanamvita aliuliza.

"Nini?"

"Siku tatu kwa kalenda gani, Khairat? Ya duka la mbao?" Aliuvuta mchi mara moja, ukamjia mkononi. "Eda huhesabiwa kwa mwezi wa mbinguni, si kwa mwezi wa dukani. Miraj alifariki usiku wa mwandamo wa Rajabu. Ndugu yako amesema mbele ya watu. Rajabu, Shaabani, Ramadhani, Mfungo Mosi. Hiyo minne. Na jana ilikuwa siku ya kumi ya Mfungo Pili. Eda yangu imeisha jana jua lilipokuchwa, wifi. Wewe ndiwe uliyenihesabia vibaya. Leo mimi ni mwanamke kama wewe, nimesimama uwanjani."

Munir alikuwa akihesabu kwa vidole. Alipofika mwisho akaitikia kwa kichwa, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Auma alipiga kigelegele. Kisha akaja, akamwekea Mwanamvita mkono begani.

Tabasamu la Khairat lilififia. Nikisema alishindwa mtanijua mwongo, maana mnamfahamu Khairat kwa wiki saba sasa. Alilamba midomo, na tabasamu likarudi taratibu, jembamba zaidi.

"Kumbe imeisha," alisema. "Kweli kabisa, wifi. Nimekosea mimi. Imeisha jana."

"Imeisha."

"Basi kilichokuwa kikikuweka katika nyumba ya baba yangu ni eda. Sasa hakuna eda." Aliingia ukumbini, akatoka na ufunguo, akaufunga mlango mbele ya macho ya wote, akautia ufunguo kifuani. "Nguo zako nitakutupia dirishani. Dishon! Pakia friza. Na mwenye friza afuate nyuma."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Mwanamvita alisimama na mchi mkononi. Chini ya friza, maji ya ubuyu yalianza kutiririka, mekundu, yakichora njia mchangani kuelekea langoni. Friza ilikuwa yake sasa, kwa ushahidi wa mtaa mzima. Alichokosa ni ukuta wa kuchomekea waya.

Dishon alikuwa ameipakia na kuifunga tena kamba, kwa ncha za vidole, akisoma dua yake ya Kikristo chini kwa chini. Akashika mipini ya mkokoteni.

"Haya, mama," alisema. "Tunapeleka wapi?"

Mwanamvita alitazama barabara, huku na huku.

Dishon alijikuna shingo. Ni mtu mwema Dishon, hana hila, na watu wasio na hila ndio huvunja nyumba.

"Ama nipeleke pale pale nilipopeleka lile sanduku lako?"

"Sanduku gani?"

"Lile la bati, la samawati. Lile zito la makaratasi. Niliitwa nilichukue nyuma ya nyumba ya dada Khairat, siku ile ya mvua. Niliambiwa ni lako, wewe mwenyewe umeagiza."

Rangi ilimtoka Khairat. "Si niliwaambia liliibwa?" alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. "Si niliwaambia?"

"Nani alikutuma, Dishon?" Mwanamvita aliuliza.

Dishon alishangaa swali lenyewe. Alinyoosha kidole, bila ubaya wowote, kwenye bega la Mwanamvita, kwenye mkono uliokuwa umelala pale.

Mkono wa Auma ukawa mzito kama donge la barafu. Kisha, taratibu, ukaondoka.